Valizi ya Mgeni wa Ndola

"Bwana yangu alienda ku gare ya treni kukupokelea mugeni, leo analala mu buloko ya polisi. Batoto nitabaambia nini?"

"Nilimuomba tu, mama. Sikujua itakuwa hivi," dada yake Kasonde alijibu.

Kasonde alisimama mlangoni kwa jirani, kati ya dada yake na mama huyo, valizi yake ya nguo bado mkononi.

Kwao Ndola walimwonya: Elisabethville kuna wezi, mtu akigusa mzigo wako stesheni, piga kelele. Hakuna aliyemwambia kwamba huku mgeni hupokelewa mzigo kwanza, salamu baadaye. Yule baba, mume wa jirani, alikuja anacheka, akaishika valizi. Kasonde akaita mwizi.

Polisi walipomtia pingu, baba wa watu alikuwa akilitaja jina la dada wa Kasonde. Kasonde alilisikia vizuri, akadhani ni ujanja wa wezi wa mjini.

"Mama, nirudi polisi sasa hivi, niseme kosa ni langu."

"Biro ya polisi ilisha kufungwa. Utaenda kesho, na miye nitakufuata."

Mama huyo akamtazama Kasonde kuanzia viatu vyenye vumbi hadi kichwani, akasogea kumpisha mlangoni.

"Sahani ya bukari ya bwana yangu iko inapoa. Ingia, ukule."