Chungu Kinachojua Nani Kashiba

Siku chungu cha nyumbani kwa Subilaga kilipomwambia mjomba wake Subilaga, "Umeshiba, mzee," naye ndiyo kwanza anamega kipande cha tatu cha ndizi, mama huyo alihisi damu ikimchemka. Mjomba alinawa, akaaga. Tangu lini mgeni akafukuzwa na chungu?

Lakini ndiyo sheria ya kila nyumba siku hizi: chungu kikishasema, hakuna kuongeza. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba vyungu vya aina hiyo alivifinyanga yeye mwenyewe na wenzake kiwandani. Udongo waliuchanganya na unga wa kioo ili uive kwa moto mdogo, kwa maana ndani yake walitandaza nyuzi nyembamba za madini ya fedha, na moto mkali ungeziyeyusha. Nyuzi hizo ndizo zilizokipa chungu akili na sauti.

"Basi leo utaujua moto wa bibi yangu mfinyanzi!" alikifokea. Akakifukia uani kwa nyasi na samadi, akarundika magogo juu yake, akachochea mpaka kikawa chekundu kama kaa la moto. Kilitoka kimepinda mdomo, lakini hakikuvuja, wala hakikusema neno.

Jioni akapika ndizi humo, akampakulia Bupe, binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye tangu utotoni hakuwahi kula bila chungu kumpimia. Bupe akamaliza sahani, akaongeza ya pili, kisha ya tatu. Jasho likamtoka, macho hayabanduki kwenye chungu.

"Acha sasa, mwanangu, utapasuka!"

"Mama," Bupe alisema, akilia huku anatafuna, "mbona hakiniambii kama nimeshiba?"