Wengu

"Tutautoa wengu kesho asubuhi," Daktari Saleha alisema, akanisukumia karatasi ya idhini.

Mkono wangu ulioshika kalamu ulikuwa na madoa mekundu kama wa mtu aliyeumwa na kunguni. Chembe za kugandisha damu zilikuwa zimeniishia, dawa zimeshindwa, na mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano.

"Sisaini."

"Dada yangu, ukianza kuvuja damu, tutawapoteza wote wawili."

"Mamangu hospitalini walimchovya kidole kwenye wino mwaka wa themanini na saba, wakakibandika kwenye karatasi kama hii. Hawakumweleza kitu, na hakuzaa tena. Mimi sisahau. Huo wengu si ndio nyumba ya mtoto?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka miwani ikateleza. Akanigusa chini ya mbavu, upande wa kushoto.

"Wengu uko hapa. Ndio unaozimaliza chembe zako. Mtoto hatumgusi."

"Hapo? Si hiyo ni bandama!"

"Ni kitu kimoja."

"Aki nyinyi watu wa Pwani! Nimeuza matumbo Dagoretti miaka kumi na mbili, bandama nimezikata mpaka nikachoka. Si ungesema tu?"

Nilifuta neno lake kwa mistari miwili, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: BANDAMA PEKE YAKE. MTOTO ABAKI.

Kisha nikamrudishia kalamu.

"Anza wewe kusaini."