Jezi Isiyofuliwa

Kahongya, mwana wa Lusenge, mjukuu wa Muyisa, alitoka katika ukoo wa Alimbongo uliosifiwa kwa uadilifu. Juma zima aliwalaumu wachezaji wa kike waliogomea nusu fainali wakidai mwenzao aliyevunjika mguu atibiwe. Aliwaona wana kiburi.

Sasa, siku ya mechi, kocha alipanda jukwaani alipoketi Kahongya na wajukuu zake, akamnyooshea mmoja wao, Kavuo, jezi ya yule majeruhi ili acheze badala yake.

«Mais koko, lakini hii nafasi itarudia lini?» Kavuo alimsihi babu yake.

Mzee aliipokea jezi. Mgongoni, tope la siku ile ya kuanguka lilikuwa bado limeganda. Hata kuifua, viongozi wa timu hawakuifua.

Akaikunja kwa uchovu, akamrudishia kocha.

«Keti, Kavuo. Nanyi batoto wote, mushike neno hili: pa mwenzenu aliyeumia, hapana kuingia.»