Rangi ya Dari

Marlene alirudi kutoka zamu kwenye wodi ya walioungua, miguu ikimwaka kwa kusimama, akamkuta mumewe juu ya ngazi, rangi nyeupe imemrukia hadi kwenye nyusi.

"Pole na kazi, mama. Hebu tazama dari! Mama yako akija Alhamisi kula bata mzinga, safari hii atakosa la kusema."

Marlene akatazama. Dari ilikuwa nyeupe pe. "Vifuniko vya vinyunyizio vya maji ya kuzimia moto viko wapi?"

"Si hivyo hapo juu? Vilishafubaa, vinatia aibu. Nimevipaka mpaka havionekani."

Nguvu ya kugombana hakuwa nayo. Alimshusha mumewe, akavua viatu, akapanda yeye, akapenyeza ukucha ukingoni mwa kifuniko. Moto ukizuka, kifuniko hicho hudondoka chenyewe kwa joto, maji yakapata njia. Hiki kilikuwa kimeshikana na dari. Aliukwangua ukingo mpaka ukucha ukakatika, na hakikutikisika.

"Umepaka hapa sebuleni tu?" aliuliza bila kugeuka.

"Wee, unanionaje? Hapa ndipo namalizia. Nilianzia chumba cha watoto, na huko nimepaka nene zaidi."