Sauti ya Mukarusanga

Maji ya ziwa yalikuwa yamevuka kizingiti. Mama Generose, aliyejitolea na majirani wachache kutunza makumbusho ya mtaa wao pale Uvira, alisimama juu ya kiti akipandisha ngoma na vyungu kwenye rafu. Mfa maji hukamata maji, naye alikamata rafu.

Uwituze akaingia tena, mtoto akilia mgongoni. Alikuwa anataka kaseti ile ile, aondoke nayo pamoja na radio.

Kwenye kaseti hiyo Mukarusanga, dada yake, anamwita Gaju kwa wimbo wa kwao milimani. Wageni wengi waliousikia walipangusa macho. Sasa Mukarusanga amefariki, kachanga kake kanatema uji, na maziwa ya dukani ni ya wenye nacho.

Generose alikuwa amekwisha kumkatalia. Vitu vilivyoazimwa humo havikurudi, na kaseti ilikuwa hiyo moja tu. Huruma alikuwa nayo, lakini sauti ya marehemu haishibishi mtu, na hilo alimwambia waziwazi.

"Mama Generose, Gaju anakataa tangu dada alikufa," Uwituze alisema. "Tumebembeleza, tumeimba, anakataa tu. Anajua ile sauti moja. Leo tukikosa, huyu mutoto hatafika kesho."

Generose alitazama mgongoni. Kilio kilikuwa kimekatika. Mdomo ulifunguka na kufungika bila sauti. Alishuka kitini, akaingia majini, akaifuata radio.

"Twende wote," alisema. "Miye mwenyewe nitaibeba."

Walipanda hadi ua ambako waliokimbia milima walikuwa wamepewa hifadhi. Generose aliogopa betri kuisha, akaogopa zaidi ule ukimya wa mgongoni. Walipofika, Uwituze alimfungua mtoto na kumpakatisha Generose. Alikuwa mwepesi mno. Generose akabonyeza radio haraka, akaisogeza kwenye sikio dogo.

"Hapana, mama," Uwituze alisema taratibu. Akaichukua radio, akachukua na kopo, akaenda navyo nyuma ya migomba.

Sauti ya Mukarusanga ikapanda: Gaju, Gaju. Pembe mbili ndefu zikainuka juu ya majani, zikatulia, na baada ya kitambo maziwa yakaanza kugonga kopo.