Harufu kwenye Sweta

Pauline alinusa sweta mara ya pili, asije akamsingizia mtoto. Ilikuwa sigara. Akaiacha mapajani, amechoka hata kukasirika.

Mara tatu sasa pafu la Wekoye lilikuwa limesinyaa. Kila mara Pauline alifunga kibanda chake cha mboga pale Kibomet, akalala kwenye kiti cha hospitali Kitale, akitazama mrija uliotoka ubavuni mwa mwanawe hadi kwenye chupa ya maji iliyotokota mapovu sakafuni.

Daktari alikuwa amemweleza polepole. Vijana warefu na wembamba kama Wekoye, wanaorefuka upesi, wakati mwingine huota vilengelenge juu ya pafu. Kimoja kikipasuka, hewa huvujia kifuani na pafu hunywea. Kwa vile hali hiyo ilijirudia, sasa angepasuliwa, pafu lishikizwe kwenye ukuta wa kifua. Lakini moshi wa sigara usimkaribie, la sivyo watakuwa wanajisumbua bure.

Ndiyo maana leo Pauline alikuja Bungoma, kwa mama mkwe wake, Mama Nanjala, alikoishi Wekoye, kufunga nguo za kijana. Na nguo zote zilinuka.

Mama Nanjala alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, macho chini, midomo imefungwa. Tangu aokoke alisali hivyo kila jioni, kimyakimya, na boma lote lilijua kutomsumbua. Pauline alimpenda mama huyo. Pafu liliposinyaa mara ya kwanza, ni yeye aliyemtoa Wekoye kwenye simba, kile chumba chake cha nje, akamlaza nyumbani mwake, kitanda kwa kitanda, ili asikilize anavyopumua. Mara mbili zilizofuata ni yeye aliyesikia kwanza, akakimbia kuita bodaboda.

Pauline akamwita mwanawe, akaweka Biblia mezani.

"Apa kwamba huvuti," akasema. "Ukikataa, huko kwa upasuaji utaenda peke yako. Mimi sina nguvu tena ya kuuguza mtu anayejiua."

"Mum, mimi sivuti."

"Basi ni nani? Ati sweta inajivutia yenyewe?"

Wekoye akamtupia nyanya yake jicho, kisha akainamisha kichwa. Mkono wake ukabaki mbali na Biblia. "Sivuti," akarudia. "Lakini si uniache tu, Mum. Usiniulize mengine."

 Mtoto asiye na hatia angeapa, akamaliza, Pauline akawaza. Akaanza kuzitoa nguo kwenye mkoba, moja moja, na kuzirudisha kitandani. Kijana alimtazama, machozi yakimlengalenga.

Pauline akageukia mlangoni. "Mama, nisaidie. Wewe ndiye unalala naye. Umewahi kumwona akivuta?"

Mama Nanjala akatikisa kichwa, midomo bado imefungwa.

"Tafadhali, Mama. Acha maombi kidogo, useme."

Yule mama akamtazama mjukuu wake. Kisha akafungua mdomo, na moshi ukatangulia kutoka. Akachomoa ulimini kipande cha sigara, kilichovutwa kama walivyovuta wanawake wa zamani, ncha ya moto ikiwa imegeuziwa ndani.