Jela ya Shimo la Saba

Pigo liligonga ukuta wa mchanga na mpira ukarudi miguuni pake kama mbwa aliyeitwa. Mwalimu alitema mchanga, akafuta macho kwa mkono wa shati, akashika fimbo upya.

Handaki hilo la mchanga alimokwama, wachezaji wa gofu walilibatiza Jela. Lilikuwa ubavuni mwa bendera ya shimo la saba, kina chake kinamzidi mtu kimo, na aliyeingia humo hakuona kitu ila mchanga pande zote na kipande cha mbingu juu. Wengi waliiacha mipira yao humo kwa hasira na kuapa kwamba hawarudi tena. Wiki iliyofuata ungewakuta palepale, wanatukana upya.

Ukingoni alisimama shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, mwenyekiti wa klabu. Nyuma yake, barabarani, buldoza lilikuwa limeegeshwa, na dereva alikuwa akisubiri kengele. Kengele hiyo ilitundikwa karibu na bendera tangu zamani, ili waliomaliza wawajulishe walio nyuma ya kilima kwamba njia ni nyeupe. Leo ingelia mara moja ya mwisho.

Kilima chenyewe ndicho kilichozua ugomvi. Kilikaa katikati, kati ya mahali pa kuanzia na bendera, kikikinga kila kitu. Mchezo gani huo, shemeji alilalamika vikaoni, mtu anapiga mpira bila kuona unakokwenda, halafu anaufuata kama anakwenda kusomewa hukumu? Wanachama walikuwa wanahama. Alitaka kilima kisawazishwe na Jela ifukiwe. Mwalimu alimpinga mpaka koo likamkauka. Shimo hilo lilichorwa na mkwe wake, baba wa huyohuyo shemeji, na mkewe alilipenda kuliko chumba chochote cha nyumba yao. Tangu amzike, hapa ndipo pekee alipoendelea kumsikia akimcheka. Kura zilipolingana, wawili hao wakakubaliana: wacheze shimo hilo moja, na atakayelimaliza kwa mapigo machache ndiye aamue.

Kabla ya kuanza, Mwalimu alipitisha kidole gumba juu ya nukta mbili nyekundu kwenye mpira wake. Mkewe ndiye aliyemzoesha kuzitia, kwa rangi yake ya kucha, usije ukachanganyika na mipira ya watu. Asubuhi hiyo alikuwa ameikwangua ile chupa ya rangi mpaka chini.

Mpira wa shemeji ulivuka kilima. Wa Mwalimu nao ulivuka, ukabebwa na upepo wa bahari, ukapotea machoni. Walipofika upande wa pili, kwenye nyasi fupi palikuwa na mpira mmoja tu, wa shemeji, mbali kidogo na bendera. Mwalimu hakuuliza wake uko wapi. Miaka yote shimo hili halikuwahi kumwonea huruma, na hakuona kwa nini lianze leo. Alinyoosha moja kwa moja mpaka Jela, na kweli, mpira ulikuwa humo, nusu yake imezama mchangani.

Sasa alipiga tena. Ukuta ukaurudisha. Jasho lilimwingia machoni na pumzi zikawa fupi. Alijua ni mchanga tu, ila alihisi kuta zinamsogelea. Alipiga kwa nguvu zaidi, na mpira ukajichimbia.

Kule juu shemeji alikuwa amepiga pigo lake la pili, na mpira wake umesimama hatua chache kutoka kwenye bendera. Alirudi ukingoni kuchungulia.

"Baba alikuwa akisema shimo zuri kweli haliwezi kumfungia mtu bila kumwachia mlango," alisema. "Haya, shemeji. Mlango wako uko wapi?"

Mwalimu aliegemea fimbo. Maneno hayo aliyajua, na alimjua aliyeyasema. Mzee hakuishia hapo. Aliongeza kwamba mlango huwa upande usioutazama, na kwamba watu wanakwama kwa sababu wameshajiamulia wako wapi.

Basi aliipa bendera mgongo. Alipiga kidogo tu, kuelekea alikotoka, na mpira ukapanda mteremko wa nyuma, ukatulia kwenye nyasi kama vile hapakuwa na shida yoyote. Ungekuwa uamuzi mzuri mapema. Sasa haukumsaidia kitu.

Alipanda kwa mikono na magoti. Mpira ulikuwa umegandwa na mchanga, naye hakutaka hata kuutazama. Aliupita.

"Umeshinda," alisema. "Maliza, ukagonge kengele yako."

Shemeji hakucheka. Alitazama chini, akasema taratibu kwamba dada yake angemchukia kwa jambo hili. Mwalimu alijibu kwamba makubaliano ni makubaliano. Moyo ulimuuma kama siku ile ya mazishi, na alitamani mtu amtoe hapo haraka.

Shemeji aligusa mpira wake. Ukaviringika, ukagonga mti wa bendera, ukaingia kitunduni kwa mlio mfupi mkavu. Alikwenda kwenye kengele bila kugeuka, akashika kamba. Kule barabarani dereva alizima sigara na kupanda buldoza lake.

Ulikuwa utaratibu wao tangu ujana kwamba aliyeshindwa humtolea mshindi mpira wake. Mwalimu aliinama, akaingiza mkono kitunduni chini ya bendera. Mkono ukabaki humo.

"Unangoja nini?" shemeji aliuliza.

Mwalimu aliutoa mkono polepole, akafungua kiganja. Mipira ilikuwa miwili, na mmoja ulikuwa na nukta mbili nyekundu, ule wa pigo lake la kwanza kutoka ng'ambo ya kilima.